Kuzunguka visiwa vya Ziwa Victoria kwa gari la kulalia ukitokea Arusha au Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu au familia yenye Noah, Hiace au gari la aina hiyo, inayotaka kulala ndani ya gari badala ya kulipia gesti kila usiku. Tumeegemea zaidi Noah kwa sababu ndiyo iliyojaa huku kwetu na vipuri vyake vinapatikana hadi Bunda.

Kwa nini Ziwa Victoria na si Zanzibar?

Kwa sababu ya kivuko. Gari la kwenda Zanzibar hupita kama mzigo, lina taratibu zake za bandari, na gharama hiyo pekee inaweza kumeza safari yote. Ziwani unapanga foleni, unapanda na gari lako, unashukia Ukerewe na usiku huohuo unalala kwenye godoro lako. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, kama kilomita za mraba 530, kwa hiyo kuna barabara za kutosha siku kadhaa. Kutoka hapo unafika Ukara. Ukiwa Mwanza mjini unaingia Saanane, na upande wa Geita na Chato kuna Rubondo.

Twende mwezi gani?

Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Masika yamekwisha, barabara za vumbi zimekauka, na likizo ya shule ya Juni inaangukia humo. Udongo mweusi wa mbuga wa Usukumani ukilowa haufai kwa gari la kuvuta magurudumu mawili. Tairi huvaa tope kama kiatu na gari huteleza hata pasipo mteremko.

Mambo mawili ya kuhesabu. La kwanza ni baridi ya usiku ukiwa bado Arusha, Babati au Katesh: Julai blanketi moja halitoshi. La pili ni upepo. Kipindi hiki upepo wa kusini-mashariki huvuma ziwani, na mchana mawimbi huinuka kuliko asubuhi. Safari yoyote ya boti ndogo iwekwe asubuhi na mapema. Epuka pia kuvuka karibu na Saba Saba na Nane Nane, maana foleni ya magari kivukoni huwa ndefu.

Njia ipi ni nzuri kutoka Arusha hadi Mwanza?

Kwa Noah jibu ni moja: Makuyuni, Babati, Katesh, Singida, Igunga, Nzega, Shinyanga, Mwanza. Ni kama kilomita 800, lami yote. Wa Moshi waongeze 80. Usiimalize kwa siku moja. Lala Singida, ambako umeshatembea kama kilomita 330, na siku ya pili unabaki na kama 450.

Njia ya Karatu, Ngorongoro na Serengeti kutokea lango la Ndabaka ni fupi kwenye ramani, lakini unalipa viingilio vya mamlaka mbili, Ngorongoro na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na barabara ya vumbi ya huko ina matuta madogo ya mfululizo yanayotikisa gari hadi kabati la plaiwudi linafunguka maungio. Gari la juu lenye 4WD na shokapu nzima linapita. Noah iliyobeba kitanda, maji na watu wanne isipelekwe huko.

Usiku usiendeshe kati ya Singida na Nzega. Lori likiharibika huachwa barabarani bila taa, na dalili pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami mita kadhaa kabla. Mchana unayaona ukiwa mbali. Usiku unayaona yakiwa chini ya bampa. Ukikuta majani mabichi barabarani, punguza mwendo papo hapo, hata kama hujaona kitu mbele.

Gari likaguliwe nini kabla ya kuondoka?

Lifanyie huduma wiki mbili kabla ya safari, si siku moja kabla. Kipuri kibovu au boliti isiyokazwa hujionyesha ndani ya kilomita 100 za kwanza, na ni heri ukwame Usa River, karibu na nyumbani, kuliko Shelui, mbele ya Singida.

Kwa mpangilio wa kinachosumbua zaidi: mfumo wa kupooza injini kwanza. Badilisha kulanti, kagua mipira ya rejeta kwa kuibinya (ikilia kama karatasi kavu, imekufa), na badilisha mfuniko wa rejeta kama raba yake imepasuka. Mfuniko ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini usiposhika presha maji huchemka mapema, na mlima Sekenke utakuonyesha hilo ukipanda kurudi Singida na mzigo. Mshale wa joto ukipita katikati, zima AC, fungua hita kwa nguvu zote, shuka gia. Ukizidi kupanda, simama na usifungue rejeta kwa nusu saa.

Kisha springi na shokapu za nyuma. Kitanda, maji, gesi, vyakula na betri ya pili hufika kilo 200 kwa urahisi, na zote zinakaa nyuma. Pima urefu kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi la nyuma gari likiwa tupu, kisha likiwa limepakiwa. Likishuka zaidi ya sentimita 5, ama punguza mzigo ama weka springi ngumu zaidi. Gari lililokaa nyuma hukwaruza ekzosi kwenye mlango wa kivuko, na taa zake humulika macho ya watu badala ya barabara.

Boli jointi, bushi, pedi za breki na fenibelti ni za kawaida. Fundi wako anazijua. Upepo wa tairi fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ule wa gari lililojaa, na upime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Tairi la spea lipimwe nalo. Spea nyingi hugundulika hazina upepo siku zinapohitajika.

Trafiki wataangalia nini?

Leseni, bima hai, pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na muda, na mikanda. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Lipa madeni ya zamani na ya maegesho kabla ya kutoka. Penye kibao cha 50 nenda 50 mpaka uone kibao cha kumaliza. Kati ya Babati na Singida vijiji ni vingi na tochi za kupima mwendo ni nyingi.

Viti usivikate. Kitanda kiwe cha kufunga kwa boliti kwenye matundu yaleyale ya viti, ili ukirudi viti virudi na gari liendelee kulingana na kadi yake. Na idadi ya abiria isizidi viti vilivyobaki vyenye mikanda. Mtoto asilale kitandani gari likiwa linatembea.

Kitanda kinatengenezwaje?

Fundi seremala yeyote wa Unga Limited au Mbuyuni atakifanya kwa siku mbili ukimpa vipimo sahihi. Toa viti vya nyuma, keti sakafuni ukiwa umenyooka na upime kutoka sakafuni hadi utosini. Toa kimo hicho kwenye urefu wa sakafu hadi dari. Kinachobaki ndicho unachoweza kugawa kati ya fremu na godoro. Ukisahau hesabu hii utalala vizuri lakini hutaweza kukaa kunywa chai mvua ikinyesha.

Fremu iwe ya mbao za saiprasi za 2x2, zilizokauka. Mbao mbichi hupinda ndani ya mwezi na kuanza kulia kila kona. Juu weka plaiwudi ya milimita 12, na vipande vya kuishikilia kila sentimita 40. Wengi huchukua ya milimita 18 wakidhani ndiyo imara: ubao mzima wa hiyo una zaidi ya kilo 30, wakati wa 12 una kama 20. Gawa sehemu ya juu vipande vitatu vyenye bawaba ili ufungue kipande kimoja bila kutoa godoro lote. Chini yake acha nafasi ya kreti za soda. Zile za plastiki ndizo droo bora, hazivunjiki na zinafungwa kwa kamba kirahisi. Godoro la inchi 4 lenye msongamano mkubwa linatosha.

Kwenye Noah za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, na sakafu ya pale hupata joto kali. Usiweke vyakula, gesi wala betri nyuma tu ya viti hivyo. Siagi na nyanya zimeharibikia pale mara nyingi, na mwenye gari akalaumu friji.

Umeme kiasi gani unatosha?

Fanya hesabu ya siku moja. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa hutumia kama Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme wa betri) 30 hadi 40 kwa joto la Mwanza. Feni moja usiku kucha ni kama 12. Taa mbili za LED kwa saa 4, karibu 3. Simu tatu, nyingine 4. Jumla ni kama Ah 55. Betri ya risasi ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo peke yake haifiki asubuhi ya pili. Ongeza paneli ya wati 150 juu ya keria. Kwa jua la kiangazi inarudisha kama Ah 45 kwa siku, na alteneta inamalizia siku za kutembea. Kama hamna friji, Ah 50 na paneli ya wati 50 zinatosha kabisa, na kwa safari ya kwanza ndivyo tunavyoshauri. Samaki ni wa kununua asubuhi na kula mchana.

Betri ya pili iunganishwe na ya kwanza kupitia rilei ya kutenganisha, ili friji isije ikala umeme wa kuwashia gari. Waya uwe wa milimita za mraba 16, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, pande zote mbili. Waya mwembamba usio na fyuzi unaopita chini ya zulia ndio unaochoma magari.

Kupika na gesi je?

Mtungi wa kilo 6 unatosha siku kumi kwa watu wanne. Usafirishwe wima, umefungwa kwa mkanda, valvu imefungwa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la chini linalotoka nje ya gari. Ukiunganisha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, panavuja. Pika nje, mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa juu kama paa.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu, hata kwa dakika kumi za kuota moto. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala moshi, na gari ni dogo kuliko chumba chochote. Tunalisema kwa msisitizo kwa sababu Julai ya Arusha na Babati inamshawishi mtu. Chupa ya maji ya moto ndani ya soksi inapasha kitanda vizuri.

Kivuko kinapandwaje na gari?

Hapa ndipo safari nzima inapopangwa. Barabara itakusubiri, kivuko hakikusubiri. Anza na ratiba ya kuvuka, kisha panga siku nyingine kuizunguka, na kila kivuko kipe nusu siku ya akiba.

Kwenda Ukerewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuendesha Mwanza, Magu, Lamadi hadi Bunda, kisha Kisorya, na kuvuka kwa kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, hadi Rugezi. Ni mvuko mfupi. Ya pili ni meli kutoka Mwanza mjini hadi Nansio, saa tatu hadi nne, ambako si kila chombo kinabeba magari. Ushauri wetu ni kwenda kwa Kisorya na kurudi kwa meli ukipata nafasi: unaiona nchi ukienda, unaliona ziwa ukirudi. Nafasi ya gari kwenye meli iulizwe bandarini siku mbili kabla, ukiwa na urefu wa gari lako kwa mita.

Kivukoni mambo huenda hivi. Abiria wote wanashuka, wanakata tiketi zao na kuingia kwa miguu; anabaki dereva peke yake. Hilo pia linainua gari, na kwa Noah ni muhimu, kwa sababu bampa la mbele huchuna pale mlango wa kivuko unapogusana na nchi kavu. Beba vipande viwili vya mbao, urefu sentimita 60 na unene 5, uvitandike kwenye pengo. Panda kwa gia ya kwanza bila kusita katikati, fuata mkono wa mhudumu. Ukishasimama: breki ya mkono, gia, zima injini, weka kigingi kwenye tairi. Kisha toka ndani ya gari, na wenzako wasirudi ndani. Hakuna anayebaki kulala kwenye kitanda chake kivuko kikiwa majini.

Angalieni jaketi okozi ziko wapi kabla chombo hakijaondoka. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilizama ikitoka Bugolora kwenda Ukara, ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa ikiwa imekaribia kutia nanga. Ukiona chombo kimejaa, subiri kinachofuata. Mmekuja kutembea; hakuna mtu anayewakimbiza.

Kisiwani tutalala wapi?

Hakuna kambi rasmi za magari, kwa hiyo ombeni uwanja. Gesti nyingi za Nansio hukubali gari lilale ndani ya uzio kwa malipo madogo, choo na bafu vikiwemo. Hosteli za makanisa nazo ni nzuri na ni tulivu. Nje ya mji, fika kabla ya saa 11 jioni, mtafute mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mweleze mlivyo na mtaondoka lini. Mzee akikuonyesha mahali, kaa hapohapo.

Mwaloni kwenyewe msilale. Ni sehemu ya kazi: mitumbwi inaingia alfajiri, dagaa wanaanikwa, na gari lako litakuwa njiani. Ufukwe mtupu wenye majani nao hatari, viboko hupanda kula usiku. Weka gari mita 100 au zaidi kutoka majini, mahali pa juu, likiangalia njia ya kutokea.

Kuhusu wadudu: inzi wadogo wa ziwani huja kama wingu la moshi na kufuata mwanga. Zima taa za ndani kabla ya kufungua mlango. Kata vyandarua vya madirisha vikubwa kuliko dirisha kwa sentimita 5 kila upande, shonea sumaku ndogo pembeni, vinajibandika kwenye bodi. Acha madirisha mawili yanayokabiliana wazi vidole viwili. Bila hivyo pumzi za watu wawili hulowesha vioo na godoro kufikia asubuhi.

Tuone nini Ukerewe na Ukara?

Handebezyo kwa mandhari ya kisiwa na maji, na ni mahali pa kupanda kwa miguu. Machungwa ya Ukerewe ni matamu. Nunua barabarani kwa ndoo. Kwa Ukara acha gari Bugolora na uvuke kama abiria, ukaone jiwe linalocheza na mashamba madogo yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa juu ya miamba. Siku moja inatosha ukivuka asubuhi.

Saanane iko dakika chache kwa boti kutoka Mwanza mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na nusu siku inatosha.

Rubondo inaingia kwenye safari hiyohiyo?

Inaingia ukiongeza siku tatu. Tangu Juni 2025 unavuka ghuba ya Mwanza kwa Daraja la JPM la Kigongo na Busisi, lenye kilomita 3, badala ya kusubiri kivuko. Endelea Sengerema, Geita, kisha Nkome, au nenda mbele hadi upande wa Chato. Gari linabaki bara. Kisiwani ni kwa boti ya hifadhi. Panga boti na malazi na TANAPA kabla, na lipa kwa kumbukumbu namba, maana fedha taslimu hazipokelewi getini. Sokwe wa Rubondo waliletwa kati ya 1966 na 1969, na msitu wao ni mnene, hivyo kuwaona si jambo la uhakika. Mbung'o wapo: vaa nguo za kahawia au kijivu hafifu, acha bluu na nyeusi nyumbani.

Bajeti ya mafuta na maji?

Mzunguko wa Arusha, Mwanza, Bunda, Ukerewe na kurudi ni kama kilomita 2,200. Noah iliyopakiwa hula lita moja kwa kilomita 9 hivi, yaani lita 245. Zidisha kwa bei ya mwezi huo. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo usifanye bajeti ya Julai kwa bei ya Mei. Jaza tangi Bunda. Nansio mafuta yapo, ila usiyategemee siku ya mwisho.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Madumu mawili ya lita 20 yanawatosha wanne siku mbili. Yafungwe nyuma ya mhimili wa mbele, chini, si juu ya keria.

Afya: kuna la ziada kwa watu wa Arusha na Moshi?

Lipo, na ni malaria. Anayekaa Arusha au miinuko ya Kilimanjaro mwili wake haujazoea malaria kama wa mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo ikimpata humlaza haraka, hasa mtoto. Ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya safari, na mtu akipata homa, apimwe siku hiyohiyo kwenye zahanati iliyo karibu. Homa ikija hata wiki tatu baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa ziwani.

La pili ni kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji tulivu yenye majani ya ufukweni, palepale watoto wanapopenda kuchezea. Msiogelee wala kufua hapo. Maji ya ziwa ya kuoga yachotwe na kukaa kwenye dumu lenye mfuniko siku mbili. Vimelea hufa visipompata mtu. Ya kunywa yachemshwe. Kama mtu aliingia majini, apimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, si mapema zaidi, kwa sababu kabla ya hapo mayai bado hayajaonekana kwenye choo wala mkojo.